Sauti ya Batri Iliyochoka

Masika wangu,

Kesho ukiondoka usinitafute barazani. Nitakuwa jikoni, nimekasirikia sufuria yoyote itakayokuwa karibu, kwa sababu sijui kupungia watu mkono. Habari za kula, za kusali na za wanaume nimekuambia tangu ulipoota meno, na shangazi yako Kahambu huko Beni atazirudia mpaka uzibe masikio. Barua hii inahusu gari unalokwenda nalo, na mtu mmoja ninayemchukia. Nimejaribu kuyaandika mambo hayo kila moja peke yake nikashindwa, kwa hiyo yasome pamoja.

Unakwenda kufanya kazi na Mukaka. Baba yako ndiye aliyeliita gari hilo Mukaka, yaani bibi, kwa kuwa asubuhi linakohoa na halipendi kuharakishwa. Utashusha viazi na kabichi za huku juu, utapandisha mchele na mafuta ya mawese, na siku moja, mbali na nyumba, litakataa kuwaka. Usijidanganye, litakataa. Siku hiyo watakuja wanaume, kila mmoja na shauri lake, na wa kwanza atafungua kapo, kile kifuniko cha injini, kabla hajauliza kitu. Waache waongee. Wewe kaa kwenye usukani, funga dirisha, zungusha ufunguo, usikilize.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza mimi. Sikuwahi kushika spana mpaka nilipokuwa mjane. Kasereka, baba yako, alikuwa anainama kule mbele, kichwa ndani ya injini, nami nimekaa kwenye kiti chake nimekupakata wewe. "Jaribu!" anapiga kelele. Nazungusha. "Acha!" Naacha. Nusu ya ndoa yetu ilikuwa jaribu na acha. Lakini mtu akikaa hivyo sikio halina kazi nyingine, na baada ya miaka nikawa namtajia ugonjwa kabla yeye hajauona. Alikuwa anakasirika kidogo, halafu anacheka, halafu anafanya nilivyosema.

Ukizungusha ufunguo kukawa kimya kabisa, hata taa haziwaki, tazama vichwa vya batri. Utakuta unga mweupe umeganda pale kama chumvi. Mwagia maji ya moto, kwaruza, kaza waya. Ukisikia tak! moja nzito halafu basi, hiyo ni demareri, ile mota ndogo inayozungusha injini. Imekwama. Igonge kwa mpini wa nyundo, lakini usiipige kana kwamba imekutukana. Injini ikizunguka vizuri, ruu-ruu-ruu, lakini haishiki, batri haina kosa, achana nayo. Kinachokosekana hapo ni moto au ni petroli. Toa buji moja, ile plagi inayotoa cheche, uitazame na kuinusa. Ikiwa imelowa, petroli inafika, moto ndio haupo. Ikiwa kavu, fuata petroli kuanzia kwenye tangi. Na petroli hii ya vita inayouzwa kando ya njia, imimine kwanza kwenye chupa isiyo na rangi, iache itulie. Wako wanaoongeza maji, na maji hukaa chini, utayaona.

Halafu kuna sauti nyingine. Tak-tak-tak-tak, nyepesi, ya haraka, kama mtu anayegonga meno kwa baridi. Hiyo ni batri iliyochoka. Ina nguvu ya kugonga, haina nguvu ya kuzungusha. Sauti hiyo ishike kichwani, maana ndiyo ya mwisho aliyoisikia baba yako, na habari yake unayoijua wewe si ya kweli.

Nianze na kosa letu, kwa sababu nina hasira lakini si kipofu. Sisi watu wa Butembo tunakaa kwenye vilima, na vilima vimetuharibu. Nani hapa anapaki gari bila kuelekeza pua kwenye mteremko? Asubuhi unaachia breki, gari linateremka lenyewe, unatia gea ya pili, unaachia klachi, linawaka, unakwenda zako sokoni ukipiga mluzi. Mwaka mzima unapita demareri haijaguswa. Mtu akikuuliza gari lako lina ugonjwa gani, unamjibu kwa kiburi kwamba halina. Batri ya Mukaka ilikuwa imechoka tangu kabla ya vita. Baba yako alitaka kuibadilisha, nami nikamwambia tufanye kwanza mengine, mlima hauombi kitu. Akakubali, kwa kuwa jirani zetu wote walifanya hivyo hivyo.

Ndipo akaja yule ninayemchukia, kapteni wa mouvement, yaani jeshi la waasi lililokuwa limeushika mji. Jina lake siliandiki, halistahili wino wangu. Baba yako alikuwa anarudi kutoka Luofu na viazi, akasimamishwa kwenye kizuizi cha kuingia mjini. Kapteni akafungua mlango, akakaa, akasema, "Ii mutuka ni ya mouvement sasa. Na weye ni chauffeur ya mouvement." Viazi vikamwagwa barabarani, wanajeshi wakaviokota. Hivyo tu. Tangu siku hiyo baba yako akawa dereva wao, anakuja nyumbani kama mgeni.

Kambi ya kapteni ilikuwa juu ya kilima hapa hapa Butembo. Kasereka akapaki Mukaka kichwa chini kila jioni, na kila asubuhi gari likawaka kwa kuteremka. Kapteni hakuwahi kuisikia demareri hata mara moja. Alidhani gari ni zima. Kisha ikaja amri ya kuhamia Beni. Baba yako akapita kuchukua shati, akasimama mlangoni pa jikoni, hakutaka hata kukaa.

"Kavira," akaniambia, "minamuambia capitaine batri imechoka. Kule Beni ni plat, hakuna mulima, mutuka haitawaka. Anasema, 'Inawaka kila siku. Unataka batri ya kuuzisha?'"

"Na weye ukamujibu nini?"

"Minamujibu nini? Iko na bunduki."

Nilimfunga kifungo cha shati. Hayo ndiyo maneno ya mwisho kati yetu, bunduki na batri. Mara nyingi najiuliza kwa nini sikusema kitu kizuri.

Wewe ulikuwa shuleni kwa masista wakati habari zilipofika, na uliporudi matanga yalikuwa yamejaa watu na hadithi ilikuwa imekwisha kupikwa. Kwamba baba yako alitoa kifaa ndani ya injini kwa makusudi, kapteni asiweze kukimbia. Kwamba aliwachezea wanajeshi. Vijana waliiimba hadithi hiyo, wazee waliitikia kwa kichwa, na wewe ukaondoka nayo kwa fahari. Nimekusikia mara nyingi ukiwasimulia wenzako. Sikukuzuia, kwa sababu watu wa kapteni walikuwa bado mjini na ulimi wa mtoto hauna kufuli. Leo umekua, na unakwenda mahali ambapo utaulizwa.

Katika matanga yale alipanda mama mmoja kutoka Beni, Mama Kyakimwa, anayekaanga mandazi ng'ambo ya barabara pale kapteni alipokuwa anakaa. Aliona yote. Jioni ile watu walipiga kelele kwamba adui ameingia mjini. Kapteni akaruka ndani ya gari, baba yako akazungusha ufunguo. Gari likakataa. Kapteni akaanza kupayuka kwamba gari limeharibiwa makusudi, "Saboteur! Umetoa nini kwa mutuka?" Baba yako akasema, "Hapana, mon capitaine, ni batri. Basukume kidogo tu, itawaka." Walikuwapo wanajeshi wa kutosha kusukuma magari mawili. Hakuna aliyeweka mkono. Kapteni akampiga risasi pale kwenye usukani, akapanda nyuma ya pikipiki akakimbia. Na adui mwenyewe hakuwapo, Masika. Asubuhi wote walirudi kunywa chai.

Nikamuuliza yule mama, "Mutuka ililia namna gani?"

Akanitazama kana kwamba nimerukwa na akili. "Namna gani, aje?"

"Alipozungusha ufunguo. Ulisikia nini?"

Akafikiri, akaigiza kwa ulimi wake, "Tak-tak-tak-tak-tak."

Nilitoka nje, nikaenda nyuma ya nyumba nikaurudia mlio huo kwa ulimi wangu. Elewa ni kwa nini. Kama baba yako angekuwa ametoa kitu, hata kile kidole kidogo cha ndani ya delko kinachogawa moto, injini ingezunguka vizuri tu, ruu-ruu-ruu, bila kushika. Hivyo ndivyo gari lililoharibiwa kwa makusudi na fundi linavyolia. Tak-tak ni batri. Baba yako alisema kweli mpaka mwisho, na kweli hiyo alikuwa ameisema mapema, na jibu lilikuwa kusukuma gari hatua chache. Aliuawa na mtu mvivu.

Sasa unaona kwa nini ile hadithi ya ushujaa inanichoma. Kapteni naye anaisimulia! Anasema alimpiga risasi saboteur, na katika vita saboteur hupigwa risasi, na watu wanatikisa kichwa, ndiyo, vita ni vita. Wanaomsifu baba yako wanamwosha mikono aliyemuua. Mimi sitaki shujaa. Nataka ijulikane kwamba alikuwa dereva aliyetaka gari liwake.

Matanga yalipokwisha nilishuka Beni na magunia ya kabichi na liki, juu ya lori la watu. Nilisema nakwenda kuuza. Kwa kweli nilikwenda kumtazama kapteni. Nilikuwa na kisu cha kukatia kabichi ndani ya kikapu, na sitakuficha, njia nzima nilikuwa nakishika. Nilifika langoni mwake nikauliza kama mpishi anahitaji mboga. Wakanifungulia. Uani nikamkuta Mukaka, kapo limeinuliwa, wanajeshi wamelizunguka, na yeye kapteni amesimama na ndara miguuni, anatukana. Walikuwa wamelitilia batri mpya, wakazungusha na kuzungusha. Ruu-ruu-ruu, halishiki. Halafu ruu ikawa ndogo, batri mpya nayo ikafa mbele ya macho yangu. Nikacheka kwa sauti. Sikupanga.

"Mama, unacheka nini?"

"Minacheka bale banaume, mon capitaine. Banaua batri bure."

"Unajua mécanique, weye?"

"Bwana yangu alikuwa na mutuka, kule Luofu." Luofu, nilimwambia. Sikuwa mjinga kiasi cha kumtajia Butembo.

Nilitoa buji nikainusa. Imelowa. Petroli ipo, moto haupo. Nikafungua delko, na ndani yake vile visi viwili vinavyogusana na kuachana ili moto utoke vilikuwa vimeungua, vyeusi kabisa. Mjinga mmoja aliacha ufunguo umefunguliwa siku nzima bila injini kuwaka. Nikaomba kibiriti. Nilivikwaruza kwa ubavu wa kibiriti mpaka chuma kikang'aa, nikapima nafasi kati yake kwa kadi yangu ya ubatizo, kwa sababu unene wake ndio huo huo na sikuwa na kingine. Siku gari likikushinda, kumbuka: ubavu wa kibiriti, na kadi ya ubatizo. Kiti cha usukani kilikuwa na doa la damu walilolisugua likabaki.

Mikono ikiwa bado ndani ya injini nikamuuliza, kama mtu anayeongea tu, "Chauffeur wake iko wapi?"

"Alikuwa saboteur. Alikufa."

"Aliitwa nani?"

Akawaza kweli, nilimwona. Akaangalia juu, akakuna shavu. "Minajua wapi jina yake," akasema.

Masika, nilikuwa nimejitayarisha kukuta mtu mwenye roho mbaya. Nilikuta mtu asiyekumbuka. Kisu kikawa hakina maana, ningemchoma nani? Angekufa bila kujua ni kwa ajili ya nani. Hapo ndipo chuki yangu ilipoacha kuwa moto ikawa kitu kigumu, kama jiwe la kusagia, na mpaka leo haijalainika. Nilifunga delko nikapangusa mikono.

"Mon capitaine," nikasema, "mutuka imepona. Lakini batri muliisha kuiua. Inaomba kusukumwa."

Na wakasukuma. Wote. Na yeye mwenyewe, kwa sababu nilimwambia gari ni zito na Beni hakuna mteremko, aliweka mikono nyuma ya Mukaka na ndara zake zikaburuzika mchangani. Jua la Beni unalijua. Niliwaacha wasukume zaidi ya inavyotakiwa, nimekanyaga klachi, nawatazama kwenye kioo jasho linavyowatoka. Kisha nikaachia. Mukaka akakohoa, akashika. Nikatoa mkono dirishani nikasema naenda kulijaribu kidogo, na sikusimama mpaka nyumbani. Kwenye vizuizi wanajeshi waliliona gari la kapteni wakainua mti wakapiga saluti. Nilipanda mlima nikilia na kuimba, sijui kipi kilitangulia. Kabichi nilizisahau uani kwake.

Umekua ukisikia kwamba mjomba wako wa Kasugho alilirudisha gari kwa kuongea na wanajeshi maneno mazuri. Mjomba wako hajui maneno mazuri. Alichofanya ni kulificha msituni chini ya majani ya migomba, mpaka kundi la kapteni likavunjika, likafukuzwa na jingine. Padri akasikia kitubio changu. Akaniuliza kama najuta. Nikasema najuta jambo moja, kwamba walipokuwa nyuma yangu wote wanasukuma, nilitia gea ya kwenda mbele. Akanipa rozari nyingi, nami nikazisali, na sikumsamehe mtu.

Haya. Kahambu ameniambia kwamba yule mtu yuko bado Beni. Hana bunduki, hana wanajeshi, hakuna anayemwogopa. Anakaa nyumba ile ile, mbele ya Mama Kyakimwa, kwenye kiti cha plastiki langoni, anakunywa na kusimulia alivyokuwa mkubwa. Hadithi ya saboteur imo. Na wewe kazi yako itakupitisha kwenye barabara ile kila siku.

Sikutumi umwumize. Ningetaka afe ningeshuka mwenyewe, miguu ninayo. Wala usimtukane, usishuke garini, usinywe kitu chake, na ukiona hali imebadilika, pita moja kwa moja. Na kama hutaki kabisa, usifanye. Nitakasirika, halafu nitapona, wewe ni mtoto wangu na si risasi yangu. Lakini nitakuambia ninachotaka, kwa sababu nimekitaka miaka yote hii na sijui kutaka kwa nusu.

Nimemtilia Mukaka batri mpya. Nimeosha vichwa vyake, nimevipaka mafuta, nimeng'arisha visi. Wiki hii yote nimemwasha pale kwenye uwanja wa parokia, mahali palipo sawa, asubuhi ya baridi na mchana wa jua, na kila mara ameshika mara ya kwanza. Kule kwenye joto usivute starta, ile choki ya asubuhi za baridi, atazama kwa petroli. Akichemka na kukata, weka kitambaa chenye maji juu ya pompi ya petroli, subiri, atarudi.

Ukifika mbele ya lango lile, simama. Nunua mandazi kwa Mama Kyakimwa, msalimie kwa ajili yangu, mwache azungumze na wewe kwa sauti yake yote. Zima gari. Keti kidogo, ili yule mtu kwenye kiti cha plastiki alitazame, alikumbuke. Kisha washa, bila kusukumwa na mtu, asikie jinsi linavyowaka gari lenye batri. Kesho yake fanya tena, na kesho yake. Siku atakapoinuka kwenye kiti chake aje dirishani kuuliza wewe ni mtoto wa nani, mwambie jina lote, Kasereka Anselme, dereva, aliyeomba batri. Mwambie polepole, mara mbili, ili safari hii alishike. Halafu washa.

Ukipata mahali pa kupaki huko Beni, mwanangu, usitafute mteremko.

Mama yako,
Kavira